Talyllyn, reli inayoishi kwa mikono ya watu

Ndugu zangu mlioko Uingereza, mkifika Wales msipite Tywyn bila kupanda treni ya mvuke ya Talyllyn. Reli hii nyembamba ilijengwa miaka ya 1860 kusafirishia mawe ya sleti kutoka machimboni. Tangu 1951 inaendeshwa na watu wa kujitolea, na ndiyo ya kwanza duniani kuokolewa hivyo.

Nikipata likizo huwa naenda kusaidia. Nafyeka vichaka kando ya njia, nasugua vyuma vya shaba mpaka ving'ae. Jamani, ile harufu ya makaa na mafuta asubuhi, injini ikianza kupata joto! Naipenda mno.

Huna muda? Kata tiketi, kunywa chai mgahawani kwao, lipa ada ya uanachama. Na kama unalipa kodi Uingereza, ukichangia jaza fomu ya Gift Aid: kwa kila pauni 1 yako, wanapata peni 25 zaidi kutoka serikalini. Msiiache hiyo, tafadhali, maana kutengeneza boila moja tu ni gharama kubwa.

Wenye watoto, waleteni. Nikiwa zamu nitawapokea stesheni ya Wharf.