Barabara ya mpakani: jinsi tulivyoziweka manispaa mbili kwenye ombi moja la fedha

Masika yalipoanza, cha kwanza kuacha kufika kwetu kilikuwa gari la kunyonya majitaka. Bodaboda walipita kwa kubahatisha, bajaji zilipita kwa kusukumwa, lakini dereva wa gari lile zito alikuwa akifika kwenye mteremko anashuka, analitazama kalavati, anapanda tena na kugeuza. Kufikia Aprili vyoo vya nyumba za bondeni vilikuwa vimefurika, na watoto wanakanyaga maji hayohayo kwenda shule. Watoto hao nimewafundisha. Nilipostaafu ualimu na kuombwa niwe katibu wa kamati ya barabara ya mtaa, nilikubali palepale.

Barabara yenyewe ni kilomita mbili na kidogo. Inaanzia kwenye lami ya daladala, inateremka mtoni, inavuka kalavati, inapanda na kutokea kwenye lami nyingine upande wa pili. Mto ndio mpaka wa manispaa. Dar es Salaam ilipokuwa na manispaa tatu, Ilala, Kinondoni na Temeke, mipaka haikuwa ikizungumzwa sana mtaani. Zilipoongezwa Ubungo na Kigamboni, maeneo mengi yalijikuta yamegawanyika, nusu huku na nusu kule. Zetu sitazitaja, kwa sababu shida hii naamini ipo kwenye kila mto wa mji huu.

Kalavati lilikuwa la mabomba matatu ya zege. Maji yalikuwa yameula udongo wa chini ya bomba la kushoto, mpaka ukichutama upande wa kuteremkia maji unaona mwanga wa ng'ambo, tena si kupitia ndani ya bomba, ni chini yake. Nilipiga picha nikiwa nimeweka rula ya darasani pembeni ili ukubwa wa tundu uonekane. Picha hiyo ilitusaidia kuliko barua zote nilizoandika mwaka wa kwanza.

Barua hizo zilikuwa nyingi. Ofisi ya kwanza niliambiwa, "Mwalimu, kalavati hilo liko upande wa wenzetu." Nikavuka. Ofisi ya pili wakafungua kompyuta, wakaniambia kipande cha upande wao hakimo kwenye mtandao wa barabara zinazotambuliwa, kwa hiyo hakiwezi kupangiwa hata shilingi. Nilitoka pale nimekata tamaa, sifichi. Lakini kijana mmoja wa ufundi alinifuata nje, akaniamkia, akasema, "Mzee, usiombe barabara. Omba sehemu korofi, omba kalavati, omba mitaro. Kila fedha ina jina lake."

Kauli hiyo ndiyo iliyonifanya nikae chini nijifunze fedha za barabara zinatoka wapi. Nitaeleza kidogo, maana wananchi wengi bado wanamlilia mkurugenzi wa manispaa kwa jambo ambalo kwa sehemu kubwa haliko mezani kwake. Tangu 2017 barabara za wilaya na za mitaa ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, na za kitaifa na za mkoa ziko TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania. Mtandao wa TARURA unazidi kilomita 144,000 nchi nzima, kwa hiyo barabara isiyo na mtu wa kuisemea inasahaulika bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Mfuko wa Barabara unalishwa zaidi na tozo ya mafuta, na kazi yake kubwa ni matengenezo: ya kawaida, ya muda maalumu, ya sehemu korofi na ya madaraja na makalavati. Mwaka wa fedha 2021/22 iliongezwa tozo ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za TARURA, na mwaka huohuo kila jimbo likatengewa shilingi milioni 500 za barabara. Nje ya hapo kuna mapato ya ndani ya halmashauri, na kuna miradi mikubwa ya mkopo kama DMDP, mradi wa kuboresha miundombinu ya jiji la Dar es Salaam, ambayo ina taratibu zake.

Nilipoelewa hivyo niliona kosa letu. Tulikuwa tukiomba lami kilomita mbili kwa sentensi moja, kwenye ofisi ambayo ilikuwa na fedha za kalavati tu.

Tukaanza upya na daftari. Shuleni nilikuwa nikiwafundisha watoto kuhesabu kwa vijiti, vinne vimesimama na cha tano kinakatiza, na vijana wa kamati nao wakahesabu vivyo hivyo. Tulikaa kalavatini siku tatu, Jumatatu, Alhamisi na Jumamosi, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni kwa zamu. Safu moja waenda kwa miguu, nyingine baiskeli, bodaboda, bajaji, magari madogo, malori. Mama muuza chapati wa pale njiani alishika zamu ya alfajiri, kwa kuwa yeye ndiye anayewahi kuliko wote.

Daftari lilituonyesha jambo ambalo hatukuwa tumelitafuta. Kabla ya saa mbili karibu wote walikuwa wanafunzi wa upande wetu, wanakwenda sekondari iliyo upande wa pili. Kuanzia saa tatu mkondo uligeuka: akina mama wa upande wa pili, watoto mgongoni, wanakuja kwenye zahanati yetu. Manispaa moja ina shule, nyingine ina zahanati, na zote mbili zinategemea kalavati ambalo kila mmoja anasema ni la mwenzake. Kuanzia siku hiyo sikuandika tena "barabara yetu" kwenye barua yoyote. Niliandika "barabara ya shule na zahanati".

Nikamfuata mwenyekiti wa mtaa wa upande wa pili. Sikuwa namfahamu. Nilimkuta barazani kwake jioni, nikampigia hodi, tukaongea kwanza habari za wajukuu, kisha nikamfungulia daftari. Alipitisha kidole kwenye safu ya akina mama polepole, akasema, "Hawa ni watu wangu." Wiki iliyofuata tuliitisha mkutano wa pamoja wa mitaa miwili kwenye uwanja wa msikiti. Muhtasari wake ulitoka na mihuri miwili, na nakala yake ninayo hadi leo.

Kwenye mkutano huo ndipo lilipoibuka suala la uzio. Nyumba kadhaa zilikuwa zimeingia kwenye hifadhi ya barabara, na mafundi walishatuambia kwamba bila nafasi ya mitaro greda likipita ni kazi ya msimu mmoja. Wengi walikubali kurudisha uzio nyuma. Mzee mmoja alikataa kwa sababu ya mwarobaini uliopandwa na marehemu mkewe. Hatukumlazimisha. Tulimwomba fundi aje apime tena mbele yake, na mtaro ukawezekana kupindishwa kidogo mti ubaki. Yule mzee akavunja uzio wake mwenyewe kesho yake, akasaini fomu ya ridhaa wa kwanza. Nadhani watu wengi wanaoitwa wakaidi hawajawahi kuulizwa wanachokilinda ni nini.

Baada ya hapo karatasi zilitembea. Kamati za Maendeleo za Kata mbili, kila moja na diwani wake, zikapitisha maneno yaleyale kwa sababu tuliwapelekea rasimu moja. Tuliomba mameneja wa TARURA wa wilaya zote mbili waje siku moja kukagua, na hili naliona kubwa kuliko yote, maana wakija siku tofauti kila mmoja anaishia mtoni. Walikuja, wakashuka bondeni na viatu vyao, wakachutama nilipochutama mimi. Kipande kisichotambuliwa kikaanza kuombewa kuingizwa kwenye mtandao. Makadirio yakaandikwa kwa sehemu: kalavati peke yake, mitaro peke yake, kifusi na kushindilia peke yake, lami mwisho.

Ombi likaingia kwenye taarifa iliyokwenda Bodi ya Barabara ya Mkoa, ambayo mwenyekiti wake ni Mkuu wa Mkoa na ndani yake wamo wabunge, wakuu wa wilaya na viongozi wa halmashauri. Bodi haikupi fedha mkononi. Lakini ndipo mahali ambapo wahusika wa manispaa zote wanaketi chumba kimoja, na pakiwa na karatasi moja yenye mihuri miwili ni vigumu mtu kusema hilo ni la wenzetu. Wabunge wa pande mbili walisimama kulisemea. Sisi tulisubiri simu, kila mtu kwake.

Haikutoka bajeti ya mwaka ule. Ilitoka ya mwaka uliofuata, Julai: kalavati kupitia fedha za sehemu korofi upande mmoja, mitaro na kifusi upande wa pili, na halmashauri moja ikaongeza taa chache kutoka mapato yake ya ndani. Mabomba yaling'olewa, likajengwa kalavati la boksi lenye milango miwili. Nilikuwepo siku ya kumwaga zege, na mama wa chapati aliwagawia mafundi chapati bila kudai.

Masika yaliyofuata gari la majitaka lilivuka. Dereva hakushuka kutazama.

Lami bado. Mteremko wa upande wa pili bado unachimbika mvua ikizidi, na kifusi cha juu kimeanza kuteremkia mitaroni, kwa hiyo tunaizibua wenyewe kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Wiki iliyopita tulihesabu tena siku tatu kwa daftari jipya. Safari hii ilibidi tuongeze safu ya saba, ya daladala ndogo, ambazo zamani hazikuwa zikipita kabisa. Jumanne nalipeleka daftari hilo kwa mwenyekiti wa ng'ambo tulipige mihuri.