Siku yangu moja: muuguzi wa nyumba kwa nyumba, Lubumbashi

Saa kumi na moja alfajiri nimeshajaza bidoni mbili, maana maji hukatika mapema. Saa moja niko ndani ya teksibasi ya Katuba. Vidonda viwili, presha ya mzee mmoja, sindano moja. Majirani huniita mama wa sindano, kana kwamba kazi yangu yote ni hiyo.

Saa nne na nusu, Ruashi. Mama huyu amerudi juzi kutoka Lusaka alikotibiwa kansa ya mlango wa kizazi kwa miale ya mashine (mionzi), mara 25, siku tano kwa wiki. Kuhara kulimwanza wiki ya tatu. Ninamkuta amejikunja, midomo imekauka, na wifi yake ameshika kibomba cha mpira cha kutilia dawa kwa nyuma. Kwenye sufuria kuna majani na pilipili.

"Tumusafishe tumbo, yaya, uchafu wa mashine utoke," wifi ananiambia. Yaya kwetu ni dada.

"Weka chini kwanza, mama."

Tulibishana karibu saa nzima. Simlaumu, hata mimi nimelelewa na kibomba hicho. Nikamwambia miale ile haiachi uchafu wowote mwilini. Ila utumbo ni jirani wa kizazi, nao hupigwa. Ngozi laini ya ndani yake hujifanya upya kila baada ya siku chache, na miale huua hasa chembe zinazozaliana haraka. Za zamani zinachubuka, mpya hazijaja. Utumbo unavimba, unashindwa kufyonza maji, yote yanashuka. Hakuelewa. Nikaona kovu la mbabula, jiko la makaa, mkononi mwake.

"Siku ulipoungua hapa, ungepaka pilipili?"

Akanyamaza, akaenda kumwaga sufuria.

Tukachanganya lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Uji wa mchele na ndizi sawa. Maharagi, sombe (majani ya muhogo) na maziwa yangoje. Damu au homa ikitokea, hospitali mara moja. Kwa wengi hali hii hutulia wiki chache baada ya matibabu, lakini mishipa midogo ya damu ikiharibika, utumbo unaweza kufanya makovu na kuwa mwembamba miezi au miaka baadaye. Nitakuwa nikipita kwake.

Mchana ule wote sikutazama saa tena. Jua, vumbi, wagonjwa watatu, miguu inawaka moto.

Giza lilikuwa limeingia simu ilipolia.

"Yaya, amekunywa yote. Na amekojoa."

Nikaliandika daftarini kabla sijavua viatu: amekojoa.