Nilivyopiga picha za nyumba ya mama kwa simu mpaka ikapata mteja

Mwaka jana mama alikubali kuhamia kwa kaka Morogoro maana miguu ilikuwa inamsumbua na kukaa peke yake kwenye nyumba ya vyumba vinne tukaona sio salama tena, basi nyumba yake ya Tabata Segerea ikabidi iuzwe na mimi ndio nikapewa kusimamia kwasababu niko hapa hapa Dar. Tukampa dalali. Akaja saa 7 mchana jua kali, akapiga picha kama sita huku anatembea, simu kaishika wima, akaondoka. Miezi miwili ikapita hakuna hata wa kuuliza bei.

Siku moja nikamwomba dalali anitumie hizo picha nizione. Jamani niliumia. Nyumba ambayo mama kaijenga miaka tisa kwa hela ya vitenge, leo tofali mia kesho mifuko miwili ya saruji, imeonekana kama ghala. Sebuleni dirisha limekuwa doa jeupe na vingine vyote vyeusi, chooni ndoo ya nguo chafu ndio imekaa katikati, alafu nje kamba ya nguo imekata picha nzima na kanga zinaning'inia. Nikasema hapana, hii kazi naifanya mwenyewe, simu ninayo.

Nilianza na kutoa vitu, na hapa ndipo kazi yote ilipo kiukweli. Mimi na mdogo wangu siku mbili nzima tunahamisha, makochi yaliyozidi tukayapeleka kwa jirani, kabati la vyombo likasogezwa, madumu yote ya jikoni yakaenda uani nyuma ya banda la kuku, tukapiga deki, tukafuta vioo vya madirisha kwa gazeti maana vumbi la kioo hulioni kwa macho lakini likipigwa na jua linatokea kwenye picha lote. Nilipofika kwenye picha za familia ukutani mama akaniuliza, "Mbona unanitoa ukutani mwanangu?" Nikamwambia mama, hizi picha zitazunguka kwenye magrupu ya watu tusiowajua, sitaki sura yako na za wajukuu zifike huko. Akanyamaza kidogo alafu akazipokea moja moja akawa anazifuta na upande wa kanga yake.

Mwanga ndio ulionifundisha subira. Kila chumba kina saa yake. Vyumba vya upande wa mashariki nilivipiga saa 2 asubuhi, sebule ina madirisha ya magharibi nikaiacha mpaka saa 9 na nusu. Pazia unafungua zote, taa unazima, kwasababu ukichanganya mwanga wa nje na wa taa ukuta mmoja unatoka na rangi mbili, huku bluu kule njano, na mteja anadhani rangi imechakaa. Flashi usiiguse kabisa. Dirisha ulipe mgongo au liwe ubavuni kwako, kama halikwepeki basi gusa kwenye kioo cha simu pale penye dirisha alafu ushushe mwanga kidogo kidogo mpaka uone nondo za grili, ukipunguza pale giza la ndani utalipandisha baadae kwa kuhariri ila dirisha likishaungua halirudi tena.

Simu nililaza. Niliiweka usawa wa kifua, juu ya stuli ya mama nikapanga na makopo mawili ya maziwa ya unga, alafu nikawasha ile mistari ya gridi ili ukuta usimame wima. Ukiinamisha simu hata kidogo kuta zinaonekana zinaanguka. Nikawa nasimama kwenye kona au mlangoni, pale ambapo mgeni akiingia ndio macho yake yanaanzia. Kuna ile lenzi pana pia, niliijaribu kwenye masta na chumba kikawa kama ukumbi wa harusi, kitanda kimevutika kama mtumbwi. Nikazifuta zote. Mtu anatoka Mbezi mpaka Segerea na foleni ile, akikuta chumba ni nusu ya alichokiona anaanza kujiuliza umemdanganya na kwenye nini kingine.

Sasa nje. Nyumba imeangalia kusini na ilikuwa mwezi wa 6, na kwa huku Dar mwezi wa 6 jua linapita upande wa kaskazini kutwa nzima, yaani mbele ya nyumba ni kivuli toka asubuhi mpaka jioni na mbingu nyuma yake inawaka. Nilipiga asubuhi, mchana, saa 10, zote bati la msauzi linang'aa na ukuta mweusi. Mwezi wa 12 ingekuwa rahisi maana jua linakuwa limehamia kusini linaupiga ukuta wenyewe, ila tusingeweza kusubiri. Nikaamua nikae mpaka jua lizame. Likishazama tu, kwenye saa 12 na dakika 25 hivi, nikawasha taa za kibarazani na za vyumba vyote vya mbele nikavuka barabara. Huku kwetu giza linaingia fasta, una dakika kama kumi na tano tu ambazo mbingu ni bluu na taa zinaonekana za njano na ukuta unasomeka vizuri. Nikapiga nyingi nikachagua moja. Mdogo wangu alipoiona akasema "hii ni kwetu kweli?"

Alafu nikapiga na vile ambavyo madalali wengi hawapigi ila mnunuzi wa Dar anavitaka: mita ya umeme ya LUKU, mita ya maji na tanki, barabara toka kona mpaka getini gari ikiwa imesimama ajue inafika, na mfereji. Nilikuwa na video ya masika ya mwezi wa 4 inaonyesha maji ya mvua yanavyopita pembeni hayaingii uani, nikaiweka. Na kuna ufa kwenye ukuta wa jiko, unaanzia kona ya dirisha kushuka chini. Kaka alisema uache. Nikaupiga kwa karibu na kiganja changu kimewekwa pembeni ili ukubwa wake uonekane.

Kutuma nako kuna kazi. WhatsApp ukituma kawaida inaziminya picha zinapauka, nikawa natuma kama dokumenti, ila kabla ya kupiga nilikuwa nimezima lokesheni kwenye kamera maana ukituma hivyo picha inabeba na mahali ilipopigwa, na mle ndani bado mama alikuwa analala peke yake. Namba za mita nazo nilizifunika.

Wiki ya tatu akatokea dada mmoja Mtanzania anafanya kazi Muscat, yeye hawezi kuja, akamtuma kaka yake. Yule kaka aliingia na simu mkononi na picha zangu zimefunguliwa, chumba kwa chumba, anaangalia picha, anaangalia ukuta, wala haongei. Jikoni akaenda moja kwa moja kwenye ufa, akaweka kiganja chake palepale nilipoweka changu. Alafu akampigia dadake.

"Dada, ni hiihii. Mpaka ufa upo."

Kwenye bei ule ufa haukutajwa tena, walishaujua toka mwanzo. Jumatatu yake tukakutana ofisi ya serikali ya mtaa na mwanasheria, mama akaja kutoka Morogoro alikokuwa ameshahamia, na hati yake kwenye mfuko wa nailoni.