Mvua ya Saa Moja Haionekani Kwenye Jumla ya Siku

Milimita 60 zikinyesha polepole kutwa kucha, udongo hunywa na mitaro hubeba. Zikishuka zote ndani ya saa moja, kila hekta imemwagiwa mita za ujazo 600 na hakuna mtaro uliojiandaa. Kituo kinachosoma kipimamvua mara moja kila asubuhi kitaandika siku hizo mbili sawasawa.

Joto likipanda kwa nyuzi 1 ya Selisiasi, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa takribani asilimia 7. Mvua ya dakika chache inaweza kuvuka hapo, kwa sababu mvuke unapogeuka matone hutoa joto, joto hilo husukuma hewa juu kwa nguvu zaidi, na wingu huvuta unyevu mwingine kutoka pembeni. Mwaka 2008 watafiti Lenderink na van Meijgaard, wakitumia takwimu za De Bilt nchini Uholanzi, walionyesha mvua kali za saa moja zikiongezeka kwa karibu asilimia 14 kwa kila nyuzi, siku zenye wastani wa joto unaozidi nyuzi 12 hivi. Usiifanye 14 kuwa kanuni ya kila mahali. Kwenye joto kali sana mchoro wa ukali wa mvua dhidi ya joto mara nyingi hushuka, si kwa kuwa fizikia imegeuka, bali hewa ya siku hizo ni kavu. Ukipanga takwimu kwa halijoto ambayo umande huanza kutunga, badala ya halijoto ya hewa, picha husafika.

Kinachoniudhi zaidi ni kipimo chenyewe. Kipimamvua cha vikombe vinavyopinduka, ambacho huhesabu kila kikombe kinapojaa na kupinduka, husoma pungufu mvua ikiwa kali: kikombe kikiwa njiani kupinduka, maji huendelea kuingia humo humo bila kuhesabiwa. Kijaribu hivi: kama mdomo wake una sentimita za mraba 200 na kila mpinduko ni milimita 0.2, basi mpinduko mmoja ni mililita 4. Tiririsha mililita 400 kwa kasi isiyobadilika kwa dakika 12, yaani milimita 100 kwa saa. Utarajie mipinduko 100. Ikija 94, vipimo vyako vya ukali huo vizidishe kwa 100/94, kisha rudia kwa kasi nyingine, maana kosa hukua na ukali. (Kagua kwanza majani na wadudu kwenye faneli.)

Halafu, usikate takwimu kwa saa za ukutani. Mvua iliyoanza saa 9:30 alasiri ikakoma saa 10:30 itagawanyika vipande viwili, na kilele chake kitapotea. Hifadhi vipimo vya kila dakika, kisha telezesha dirisha la dakika 60 ukitafuta jumla kubwa kuliko zote. Fanya vivyo hivyo kwa dakika 15.

Ukipanga ukubwa wa mtaro mdogo, muda wa mvua wa kutumia ni ule ambao maji ya pembe ya mbali zaidi huchukua kufika kwenye mdomo wake. Hekta 2 zilizosakafiwa, mgawo wa mtiririko (sehemu ya mvua inayotiririka badala ya kunywewa) 0.9, milimita 100 kwa saa: 0.9 × 100 × 2 ÷ 360 (360 hubadili vipimo), sawa na mita za ujazo 0.5 kwa sekunde. Ukali ukiongezeka kwa asilimia 14, inakuwa 0.57. Anayechukua mvua ya siku akaigawa kwa 24 atachimba kijifereji.