Nomino ndefu za Kifaransa, wiki ya 6: e inayopotea

Nimefika neno la 11 kati ya 20 niliyojipangia. Wiki nzima nimekaa na maneno mawili tu, na nimejifunza mengi kuliko wiki zote zilizotangulia.

La kwanza ni développement. Kwenye karatasi linakatika vipande vitano: dé-ve-lop-pe-ment. Mtu wa Paris akilitamka, vinabaki vitatu: dev-lop-mã. (Kiwimbi nakiweka kujikumbusha kuwa sauti ipite puani, ulimi usiguse n.) E mbili zisizo na alama zimemezwa, p mbili zimekuwa moja, na t ya mwisho haisikiki. Nikisikiliza rekodi zangu za Jumatatu nasikia de-ve-lo-PE-ma: kila silabi nimeipa irabu yake, na mkazo nimeuweka wa pili kutoka mwisho, kama tunavyosema "maendeLEo". Kifaransa huupeleka mwisho kabisa.

La pili, gouvernement. Nikafuta e ya kati kwa kujiamini: guvernmã. Ulimi ukakwama, kwa sababu r, n na m zimebanana bila pumzi. Hapo ndipo ilipoeleweka kanuni ya konsonanti tatu ya mwanafonetiki Maurice Grammont: kwa kawaida e hiyo hudondoka ikiwa haitaacha konsonanti tatu mfululizo. Kwa hiyo hapa inabaki, gu-ver-ne-mã, silabi nne. Appartement vivyo hivyo. Lakini renseignement inaiachia, kwa kuwa gn ni sauti moja, ny yetu: rã-seny-mã. Kusini mwa Ufaransa wengi huzitamka hizo e, na kwa sikio la Mswahili lafudhi yao ni faraja kubwa.

Jana nimeanza internationalisation, herufi 20, silabi 8: ẽ-ter-na-sio-na-li-za-siõ. Naijenga kutoka nyuma: siõ, za-siõ, li-za-siõ, mpaka mwanzo. Hivyo mkazo haupati nafasi ya kurudi nyuma. Tio mbili zilizomo si sawa: ya mwisho inapita puani, ya kwanza haipiti, maana n yake imehamia kwa irabu inayofuata. Ni kama nation na national.

Kesho constitutionnalité. Ina n mbili, lakini tayari nimeandika pembeni kwa penseli: sio-na, si siõ-na.