Pauti: miungu iliyoandikwa kwa mkate

Kuna neno moja la Kimisri cha kale nalipenda sana, pauti, wakiwa wengi ni pautyu. Ndo miungu ya mwanzo mwanzo kabisa, waliokuwepo kabla ya mbingu na ardhi. Matamshi usiyatilie sana maanani, manake Wamisri walikuwa hawaandiki irabu, haya tunayotamka ni ya darasani tu.

Asili yake sasa ndo tamu. Kuna kitenzi kidogo, pa, kazi yake kusema jambo lilishatokea huko nyuma, yaani ni "wahi" yetu kabisa, pale tunaposema hakuna aliyewahi kuona kitu kama hiki wao walikuwa wanatumia pa. Humo wakapata paut, enzi za mwanzo, wakaongeza i mwishoni ikawa pauti, yaani yule wa enzi hizo.

Halafu kwenye kuandika ndo vichekesho, neno zito hivyo linaandikwa na picha ya mkate! Mkate wa mviringo, na ukiuangalia vizuri una alama za vidole vya mwokaji. Dini haihusiki hapo, ni sauti tu, huo mkate wa sadaka jina lake lina sauti zilezile.

Na mkate huo umeleta balaa, kwa sababu unafanana mno na alama ya mwezi uliofichwa nusu ya chini, ambayo inasomwa pesedj na ndo ya kuandikia tisa. Basi lile kundi la miungu tisa, pesedjet, yaani mungu muumbaji Atum na ukoo wake wa mji wa Heliopolis, mtaalamu Wallis Budge wa British Museum akawa analisoma paut, na vitabu vyake vimejaa bure mtandaoni kwa hiyo watu wanakopi tu mpaka kesho. Hata hiyo tisa usiihesabu sana, ya hekalu la Karnak ilikuwa na miungu 15 😂

Amun naye, mungu mkuu wa Karnak, walimwita pauti wa Nchi Mbili, yaani Misri. Ila mji wa Hermopolis walikuwa na miungu wao wa mwanzo wanane, madume wana vichwa vya chura na majike vya nyoka, na Amun yumo humo. Baadaye ikasemwa wale wanane wamezikwa Medinet Habu, eneo la mahekalu ng'ambo ya Nile ukitokea Luxor, na kila siku 10 sanamu ya Amun wa hekalu la Luxor ilikuwa inavushwa kwenda kuwatolea sadaka. Yaani anajipelekea chakula kaburini kwake mwenyewe, na makuhani hawakuona tatizo lolote.