Sweta la Mama

Mwaka jana, mwanzoni mwa Agosti, Mama alinipigia simu kutoka Mji wa Kale kunilalamikia baridi. "Mwanangu, huku baridi imetushika. Ukija, niletee sweta." Nilicheka mpaka kijana ninayemfundisha kazi akasimamisha cherehani kuniuliza kuna nini. Mombasa! Baridi! Mimi nilikuwa kibarazani hapa Kampala, radi za alfajiri ndiyo kwanza zimenyamaza, nimevaa fulana mbili chini ya kanzu na kikombe cha chai nimekishika kwa mikono miwili. Simu yangu ilionyesha nyuzi 17. Nilipotafuta Mombasa ikaniambia 24.

Nikaenda soko la Owino. Kwenye mivumba, yaani mitumba, ya huko hukosi sweta hata la kuvaa juu ya barafu. Nikachagua moja la kahawia lenye vifungo, sufi nzito, nikalitia begini huku bado natabasamu.

Niseme kwanza kwamba mimi mshonaji, na mshonaji huijua hali ya hewa kwa kitambaa. Hapa Uganda nashona kanzu, zaidi za kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi wa binti, zile zenye darizi nyekundu kifuani, na Mganda akishaivaa kanzu yake huweka koti juu. Kanzu yenyewe ilifika Buganda na wafanyabiashara waliotoka kwetu pwani, ila koti juu yake halikutoka kwetu. Nani angelivaa Mombasa mwezi wa tatu, upepo wa kaskazi ukiisha, nyuzi 33 na hewa imesimama kama maji ya pipa? Kampala nimelielewa. Mvua ikirudi Agosti, kitambaa nilichokifua Jumatatu bado kina ubichi Jumatano, na ukikikunja hivyo hivyo kinaota kawa. Nimeshaharibu kanzu mbili nyeupe za mteja kwa njia hiyo. Nililipa, na sitaki kuzizungumzia.

Huo mwezi wa Agosti Waganda wanauita Muwakanya. Napenda majina yao ya miezi, maana mengi yananukia shamba: Mukutulansanja, majani makavu ya migomba yanapokatwa, Museenene, panzi wa senene wanapojaa na kila mtu anawakaanga. Sisi pwani mwaka tumeupa majina ya upepo na mvua: kaskazi, masika, kusi (upepo wa kusini), vuli. Na ndani ya kusi kuna kipupwe, ile miezi ya baridi ya Juni mpaka Agosti, halafu demani, kusi inapoanza kuchoka. Nilipokuwa mtoto niliyasikia maneno haya kwa wazee wa bandarini na nikadhani ni habari za jahazi tu.

Basi nililopanda sitalitaja. Zaidi ya kilomita 1,100, na dirisha la kiti changu halikufunga tangu mpakani Malaba. Nilifika kwa Mama asubuhi, jua linawaka, jasho linanitoka, na begani nina sweta la sufi. Nikamwangalia Mama. Amejifunga leso mbili na juu ya hizo amejitanda shuka. Nikamwambia, "Mama, hii ndiyo baridi?" Akasema, "Kaa mpaka Magharibi."

Magharibi huko huingia karibu nusu saa kabla ya huku, kwa hiyo hata saa ya tumbo ilikuwa imenipotea. Tuliposwali nikatoka na shemeji yangu kwenda Mama Ngina, pale ufukweni wanapopunga upepo watu wa Mombasa, kula mihogo. Pale ufukwe ni mwamba wa matumbawe, na kusi inakuja moja kwa moja kutoka baharini bila kitu cha kuizuia. Mawimbi yalikuwa yakigonga mwamba chini na kurusha manyunyu juu kabisa mpaka kwenye viti. Nilivua miwani kuifuta na kanzu, ikazidi kuwa na ukungu. Nikaigusa kwa ulimi: chumvi. Pilipili ya mihogo ilipeperuka kutoka kwenye karatasi kabla sijaionja. Halafu ikaja mvua ya mchoo, ile mvua fupi ya kipupwe, dakika tano, matone makubwa ya kulala ubavu, ikakatika kana kwamba haikunyesha, na upepo ukabaki palepale ukitukausha nguo mwilini. Nilitetemeka. Mimi wa nyuzi 17! Shemeji akanitazama, hakusema kitu, na bora hakusema.

Usiku ule nililala na shuka mpaka kidevuni, feni imezimwa. Nadhani hesabu ya nyuzi haijui mwili uliolowa chumvi na unaopigwa na upepo saa zote 24. Mchana huko ulifika 28 tu, na maji ya bahari yenyewe yamepoa, kwa sababu upepo unatoka kusini ya mbali ambako Agosti ni baridi ya kweli. Unatufikia umeshavuka bahari yote ile, makali yake yamepungua, lakini haujasahau ulikotoka. Samaki nao walikuwa ghali. Bahari ikichafuka hivyo, wenye mashua ndogo hawavuki mwamba, wanavua ndani tu, na Mama alinunua changu wawili kwa bei iliyomfanya anung'unike mpaka jikoni.

Hapa Kampala anayetutawala ni ziwa. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji, pepo zinatoka pande zote kwenda ziwani, zinakutana katikati na kupanda juu, na ndipo ngurumo zinapoundwa. Kukicha zinatua Entebbe na hapa Kampala. Kwa hiyo baridi ya huku ina saa zake: inakuja na mvua, na ikifika saa sita jua likitoka unaisahau. Ya kwetu pwani hainyeshi sana wala haingurumi. Inasukuma tu, mchana na usiku.

Mama alilivaa sweta Alfajiri zote nilizokaa pale, juu ya leso, vifungo vimekwenda upande kwa sababu hakuwa amewasha taa. Nilitaka kumrekebishia akaniambia niache, linafanya kazi.

Mwisho wa Septemba akanipigia tena. Kusi imelegea, akasema, demani imeingia, nguru wameonekana sokoni. Nikamuuliza kuhusu sweta.

"Nimelivisha cherehani ya baba yako," akasema. "Chumvi ilikuwa inaila sindano."